Uzi mwembamba unaokatika na pegi zinazosingiziwa: kuhusu ukulele ya nyuzi sita

Swali kutoka kwa mwalimu wa kwaya, Moshi: "Shikamoo fundi. Niliachiwa ukulele ya tena (kigitaa cha saizi ya "tenor") yenye nyuzi sita na mgeni aliyekuwa akijitolea usharikani kwetu. Uzi mmoja, ule mwembamba kuliko yote, hukatika mara kwa mara karibu na pegi, yaani kile kifaa cha kukazia uzi. Nilidhani ni kwa sababu ya wembamba wake, nikaweka uzi wa kwanza wa gitaa la nailoni ambao ni mnene zaidi, nao ukakatika kabla haujatulia kwenye sauti yake. Tena pegi mbili zinateleza, maana nyuzi zake hushuka kila baada ya wimbo, na pegi ya tatu imekuwa ngumu kuzungushwa. Ninunue nyuzi gani, hapa Moshi au huko Arusha? Niweke za chuma ambazo ni imara? Na pegi nizipake mafuta gani?"

Marahaba, Mwalimu. Kabla ya kugusa nyuzi, hakikisha kwanza kwamba chombo ulichonacho ndicho ninachokifikiria, kwa kuwa kuna vyombo viwili tofauti vinavyouzwa kwa jina la ukulele ya nyuzi sita, na mpango wa nyuzi za kimoja haufai kwenye kingine. Itazame shingo kwa mbele. Ikiwa nyuzi zote sita zimeachana kwa nafasi sawa, hiyo ni gitalele, yaani gitaa dogo lenye mwili wa ukulele ya tena, linalotuniwa (nyuzi zake hupangiwa sauti) A, D, G, C, E, A kuanzia uzi wa sauti ya chini kabisa. Kwa gitalele jibu ni fupi: nunua seti ya kawaida ya nyuzi za nailoni za gitaa la klasiki, ambazo zitakuwa legevu kidogo kwa sababu urefu wa uzi ni sentimita 43 hivi tu, lakini zitafanya kazi. Ikiwa nyuzi mbili zimekaa moja moja na nne zilizobaki zimekaa jozi mbili zilizobanana, basi unayo ile inayojulikana kama lili'u, na maelezo yako kuhusu uzi mmoja mwembamba kuliko yote yananifanya niamini kwamba ni hiyo.

Katika lili'u mpangilio wa msingi ni uleule wa ukulele ya kawaida: G, C, E, A, au kwa tonik solfa inayosomwa na kwaya zetu, so, do, mi, la. Nyongeza ni wenzi wawili tu. Do ya kawaida imepewa mwenzake aliye oktavu moja juu, yaani do ile ile ya ngazi ya juu yake, na la ya kawaida imepewa mwenzake aliye oktavu moja chini. Wapenzi wa taarabu wanazijua nyuzi za jozi kutoka kwenye udi, ila jozi za udi hutoa sauti moja ileile, ilhali hizi zinapishana kwa oktavu nzima, na ndiyo maana katika jozi moja utakuta uzi mnene na uzi mwembamba wamelala bega kwa bega. Upande gani wa jozi unakaa uzi mnene hutofautiana kutoka kwa mtengenezaji mmoja hadi mwingine. Fuata ulivyokuta, kwa sababu vijia vya nyuzi, yaani mifereji midogo kwenye mfupa ulio mwisho wa shingo karibu na pegi, vilichongwa kwa unene maalumu, na ukibadilisha nafasi uzi mnene utakwama kwenye kijia chembamba, nao mwembamba utapwaya na kulia kwenye kijia kipana.

Sasa uzi unaokatika. Inaonekana ni jambo la wazi kwamba uzi mnene hustahimili zaidi kuliko mwembamba, na kwa kamba ya kufungia ng'ombe ndivyo ilivyo. Uzi wa muziki, hata hivyo, una sharti jingine: lazima ufike kwenye sauti fulani katika urefu fulani. Uzi ukiwa mnene unakuwa pia mzito, na uzi mzito unahitaji kuvutwa kwa nguvu zaidi ili utoe sauti ileile. Nguvu hiyo huongezeka sawasawa na eneo la mkato wa uzi, kwa hiyo kila milimita ya mraba ya uzi mnene inabeba mzigo uleule ambao ingebeba kwenye uzi mwembamba. Yanayoamua kama uzi utakatika ni urefu wake kati ya mfupa wa shingoni na mfupa wa darajani (daraja ni kipande kilichogundishwa mwilini ambako nyuzi hufungwa), sauti unayoitaka, na malighafi ya uzi wenyewe. Unene haumo katika hesabu hiyo. Unene huamua jambo jingine kabisa, nalo ni ugumu wa uzi chini ya kidole na mzigo ambao ubao wa mbele wa ukulele utaubeba.

Hesabu hiyo inaeleza yaliyokupata. Kila ukipandisha uzi nusu toni, mvutano wake huongezeka kwa takriban asilimia 12. Kutoka la ya kawaida, yenye mitetemo 440 kwa sekunde, hadi do ya juu, yenye mitetemo 523, kuna nusu toni tatu, na hizo tatu zikipandiana, kila moja juu ya iliyotangulia, zinaleta ongezeko la takriban asilimia 41. Uzi wa kwanza wa gitaa la nailoni ukifungwa kwenye ukulele ya tena na kutuniwa la, huvutwa kwa nguvu ya kilo tano hivi, kiwango kinachofaa kabisa. Ukiupeleka hadi do ya juu unapita kilo saba. Hukupata uzi imara zaidi. Ulipata uzi mgumu zaidi, unaobana zaidi kwenye kijia na kwenye pegi, huku nailoni yake ikiwa na mzigo uleule kwa kila milimita ya mraba.

Lakini lazima niongeze kwamba do ya juu kwa urefu wa sentimita 43 haizidi uwezo wa nailoni nzuri. Inakaribia kikomo kuliko nyuzi nyingine zote tano, basi, na kwa sababu hiyo kasoro ndogo ambayo uzi wa mi usingeihisi, huu wa do ya juu hauwezi kuivumilia. Uzi unaokatika mara kwa mara mahali palepale unaonyesha penye kitu kinachoukata. Ukikatikia darajani, tazama ukingo wa mfupa wa darajani au wa tundu la kufungia. Ukikatikia katikati, juu ya freti (vile vyuma vinavyokatiza shingo), kuna freti yenye ncha au uzi wenyewe ulikuwa na jeraha tangu dukani. Wako unakatikia karibu na pegi, kwa hiyo washukiwa ni wawili tu: kijia cha mfupa wa shingoni, na tundu la nguzo ya pegi ambamo uzi unapita.

Anza na tundu. Nguzo za pegi za bei nafuu hutobolewa kwa haraka kiwandani na mara nyingi ukingo wa tundu huachwa na kimeno kikali kisichoonekana kwa macho. Pitisha kipande cha pamba kwenye tundu na ukitoe polepole; pamba ikinasa, umekipata kimeno. Dawa yake ni kipande cha uzi wa zamani wa gitaa uliozungushiwa waya: upitishe kwenye tundu, ukishike kwa mikono miwili na ukisugue kwenda na kurudi huku ukibadilisha pembe, mpaka pamba ipite bila kunasa. Usitumie tupa wala kekee, kwa maana chuma cha nguzo hizo ni laini na utapanua tundu bila kukusudia.

Kijia cha mfupa wa shingoni kinataka subira zaidi. Dalili ya kijia kinachobana ni kwamba unapokaza uzi, sauti haipandi kwa utaratibu bali inakaa palepale na kisha inaruka ghafla, wakati mwingine kwa mlio mdogo wa "tiki". Uzi unapokwama hivyo, sehemu iliyo kati ya kijia na pegi huvutwa kwa nguvu kubwa kuliko sehemu inayolia, na ndipo unapokatika karibu na pegi huku wewe ukiamini kwamba hujafika popote. Chukua kipande cha uzi wenye unene unaokaribiana na wa do ya juu, ukizungushie msasa laini wa namba 600 au zaidi, na upitishe mara chache kijiani kwa kufuata mteremko wa kuelekea kwenye pegi. Lengo ni kulainisha kuta. Ukichimba chini, uzi utagusa freti ya kwanza na kuanza kukoroma, na mfupa huo hauongezeki tena. Ukimaliza, sugua kijiani risasi ya penseli laini. Unga wake ni mlainishaji mkavu ambao haushiki vumbi, na kwa kazi hii sijaona kinachoushinda, pamoja na krimu ghali zinazouzwa kwenye vichupa vidogo.

Njia ikishakuwa safi, ndipo uzi wa kununua unapokuwa na maana. Kuna malighafi tatu ambazo utakutana nazo. Nailoni ni nyepesi, laini kwa kidole, yenye sauti ya joto, lakini hunyonya unyevu wa hewa, na hivyo hubadilika sauti masika yanapoingia na tena kiangazi kinaporudi. Fluorokaboni, ambayo ndiyo hutumiwa na wavuvi wa ndoano kwa mshipi usioonekana majini, ni nzito zaidi kwa karibu mara moja na nusu, kwa hiyo uzi wake huwa mwembamba kwa sauti ileile. Hainyonyi maji kwa kiasi cha kuonekana na sauti yake ni angavu. Ya tatu ni nyuzi za sintetiki zilizobuniwa kuiga utumbo wa mnyama, nyeupe kama maziwa, ambazo uzito wake uko kati ya hizo mbili; kampuni ya Aquila ya Italia inajulikana kwa nyuzi za namna hiyo na hutengeneza pia seti kamili ya ukulele ya tena yenye nyuzi sita. Ukiwa na ndugu anayesafiri, muagize seti iliyoandikwa wazi kwamba ni ya nyuzi sita, kwa kuwa seti ya kawaida ya nyuzi nne haina do ya juu wala la ya chini.

Kwa uzi wa do ya juu pekee, mimi ningechagua nailoni badala ya fluorokaboni. Uzito mdogo wa nailoni unamaanisha mzigo mdogo kwa kila milimita ya mraba katika sauti hiyo, na hapo ndipo unapohitaji nafasi ya kupumua. Kwa nyuzi nyingine chagua kwa sikio lako na mfuko wako.

Hapa kwetu Arusha maduka ya vyombo vya muziki huwa na nyuzi za gitaa, zaidi za chuma, lakini za nailoni hupatikana ukiuliza, na Moshi unaweza kuagiziwa kwa basi. Hata bila seti rasmi unaweza kuijaza lili'u kwa nyuzi za gitaa la klasiki, na mantiki yake ni rahisi kuithibitisha. Bonyeza gitaa la klasiki kwenye freti ya saba: urefu wa uzi uliobaki ni sentimita 43 na kidogo, karibu sawa na ukulele ya tena. Uzi wa nne wa gitaa, D, ukibonyezwa hapo hutoa A, ambayo ndiyo hasa la yako ya chini, kwa mvutano uleule ambao uzi huo umetengenezewa. Uzi wa kwanza unakuwa la ya kawaida, wa pili unakuwa mi, na wa tatu unakuwa do ya kawaida. Hizi tatu zinashushwa toni moja chini ya zinavyolia kwenye freti ya saba, kwa hiyo zinakuwa laini kiasi, jambo ambalo kwa chombo cha nyuzi sita ni faida. Kwa so utatumia uzi wa kwanza mwingine au wa pili mwingine, maana yake ni kwamba utahitaji seti mbili, na utabaki na akiba. Ukiweza kuchagua, chukua seti zilizoandikwa mvutano mdogo, hasa kwa ajili ya ule wa nne ambao ndio mzito kuliko wote. Uzi huo wa nne umezungushiwa waya. Usiukate mkia wake kabla ya kuufunga na kuukunja, la sivyo waya utaanza kufumuka.

Unaobaki ni do ya juu, ambayo gitaa haina. Hapo nenda kwa wauza vifaa vya uvuvi, wale wanaowauzia wavuvi wa Bwawa la Nyumba ya Mungu, ukatafute mshipi wa nailoni wa uzi mmoja, usiosokotwa, wenye unene wa kati ya milimita 0.50 na 0.55. Namba zilizoandikwa kwenye vibunda vya mshipi hazifuati utaratibu mmoja, basi usizitegemee. Zungushia mshipi kwenye penseli mizunguko 20 iliyobanana bila kupandana, kisha pima upana wake kwa rula: milimita 10 ni unene wa 0.50, milimita 11 ni 0.55. Kwa unene huo do ya juu itavutwa kwa kilo tano hivi. Mshipi wa uvuvi haukuchongwa kwa ajili ya muziki na sehemu nyingine za kibunda huwa na unene usiolingana, kwa hiyo ukishaufunga linganisha sauti ya uzi mtupu na sauti ya freti ya 12, ambayo inapaswa kuwa oktavu kamili. Ikikataa, kata kipande kingine. Kibunda kimoja kitakutosha miaka.

Kuhusu nyuzi za chuma, jibu langu ni hapana, na halina masharti. Ukulele za zamani zilifungwa nyuzi za utumbo, na hadi leo mwili wake hujengwa kwa ubao mwembamba na mbavu chache kwa kutegemea uzi mwepesi. Nyuzi nne za nailoni kwenye ukulele ya tena huivuta kwa kilo 20 hivi. Kwa nyuzi sita tayari tumefika kilo 30 au zaidi. Nyuzi za chuma za gitaa kwa sauti hizo zinaweza kukaribia kilo 50. Daraja limeshikwa kwa gundi tu, na litang'oka likiwa na vipande vya ubao wa mbele. Hata kwa nailoni, pitisha ukingo wa karatasi kati ya daraja na ubao kwa nyuma: karatasi ikiingia, gundi imeanza kuachia na chombo kinahitaji fundi kabla hakijahitaji nyuzi. Ukiona pia ubao umevimba nyuma ya daraja, shusha chombo chote toni moja, yaani F, B♭, D, G. Mvutano wote utapungua kwa asilimia 20 hivi, do ya juu itakuwa B♭ isiyokatika ovyo, na kwa kuwa waimbaji wako wanaimba kwa solfa, do ni do popote utakapoiweka. Kusema kweli, kwa lili'u yenye umri na mbao nyembamba ningeiacha hapo daima.

Nimechelewa kufika kwenye pegi kwa makusudi. Nyuzi zinaposhuka, lawama huangukia pegi, kwa sababu ndiyo tunayoishika kila tunaporekebisha. Ukulele nyingi za nyuzi sita zina pegi za gia, ambamo mhimili mdogo wenye mzingo wa skrubu huzungusha gurudumu la meno, na kwa kawaida kishikio kinazunguka mara 14 hadi 18 ili nguzo izunguke mara moja. Kwa ujenzi wake, kishikio huzungusha gurudumu lakini gurudumu haliwezi kuzungusha kishikio, kwa hiyo uzi hauna namna ya kuirudisha nyuma pegi hiyo ikiwa gia zake ni nzima. Hakiki kwa kalamu: tuni uzi, kisha chora alama ndogo juu ya nguzo na nyingine ubaoni zikitazamana. Imbeni wimbo mmoja. Uzi ukishuka na alama bado zinatazamana, pegi haina hatia.

Wenye hatia huwa fundo, au uzi mpya ambao haujamaliza kutanuka, au kijia kinachobana tulichokwisha kukizungumzia. Nailoni mpya hutanuka kwa siku kadhaa, hata wiki nzima, na hakuna dawa ila kuivuta taratibu kwa kidole na kuituni tena. Kubadilisha uzi mmoja mmoja badala ya kuzifungua zote kwa pamoja husaidia shingo isishtuke. Katika kufunga, pitisha uzi kwenye tundu la nguzo, urudishe mkia wake chini ya mzunguko wa kwanza ili uzi ujikanyage wenyewe, kisha acha mizunguko miwili kwa uzi mnene na mitatu au minne kwa mwembamba, ikishuka kuelekea ubaoni ili uzi ushike kijia kwa pembe nzuri. Mizunguko mingi kupita hapo haiongezi kushika. Inaongeza urefu wa uzi unaoendelea kutanuka juu ya nguzo. Upande wa daraja, fluorokaboni inateleza kuliko nailoni, basi ikunje mara tatu chini yake yenyewe, na mkunjo wa mwisho ukae nyuma ya ukingo wa daraja, usiwe juu.

Alama za kalamu zikiwa zimeachana, ndipo pegi inapochunguzwa. Gurudumu la meno limeshikwa na skrubu ndogo katikati. Ikilegea, meno huachana na mhimili na kuruka. Ikaze kwa bisibisi inayoenea vizuri kichwani mwake, mpaka mchezo uishe lakini kishikio bado kinazunguka kwa vidole viwili. Upande wa mbele wa kichwa cha ukulele huenda kuna nati inayoibana pegi kwenye ubao, nayo hulegea mbao zinaponywea wakati wa kiangazi. Ikaze kwa spana, kwa upole, kwa kuwa chini yake ni mbao tu. Baadhi ya pegi zina skrubu nyingine mwishoni mwa kishikio inayoongeza au kupunguza ugumu. Hiyo ndiyo ningeitazama kwanza kwenye pegi yako ngumu, kwani mara nyingi mtu aliyeona uzi unashuka huikaza kwa nguvu zake zote akidhani anatibu kuteleza.

Ikiwa skrubu hiyo haina tatizo, ugumu unatokana na uchafu. Ondoa vumbi kwanza kwa mswaki mkavu, ukizungusha kishikio ili kila jino lipite mbele yako. Kisha tone moja la mafuta ya cherehani, si zaidi, likiwekwa kwa ncha ya kijiti cha meno mahali mhimili unapokutana na gurudumu; zungusha mizunguko kadhaa na upanguse kila kinachoonekana. Vumbi letu la kiangazi, hapa na huko kwenu, ni laini na lina chembe kali, na likichanganyika na grisi linakuwa tope linalosaga meno ya shaba kidogo kidogo. Grisi, kwa hiyo, usiitumie kwenye gia zilizo wazi. Mafuta ya kupikia hukauka na kuwa gundi. Dawa za kunyunyiza za kulegeza kutu hufika kusikohitajika, zikaharibu rangi ya ubao na kuacha unyevunyevu unaovuta vumbi jipya. Pegi zilizofunikwa kwa kasha la chuma zimewekwa kilainishi kiwandani. Hizo ziache kabisa.

Ikiwa zako hazina gia, yaani kishikio kiko nyuma ya kichwa kikielekea moja kwa moja kwenye nguzo na ukikizungusha mara moja nguzo nayo inazunguka mara moja, sheria ni kinyume. Pegi hizo hushika kwa msuguano, na tone la mafuta litaziua. Zinarekebishwa kwa skrubu ya mwishoni, robo mzunguko kwa kila jaribio. Kuna pia aina yenye gia zilizofichwa ndani, ambayo kwa macho inafanana na hizo lakini nguzo huzunguka mara moja kwa mizunguko minne ya kishikio. Hiyo nayo haitaki mafuta yako.

Namna ya kutuni inaweza kuondoa nusu ya usumbufu unaoutaja. Gia yoyote ina mwanya mdogo kati ya meno, kwa hiyo ukiituni kwa kushusha, uzi unabaki umeegemea hewa na utashuka zaidi kwa pigo la kwanza. Ukipitiliza, shusha chini ya sauti unayoitaka na upande tena mpaka ufike. Kwa jozi, ziba uzi mmoja kwa kidole wakati kipima sauti kinasoma mwenzake, kwa maana programu za simu huchanganyikiwa na oktavu mbili zinazolia pamoja. Tuni kwanza ule wa chini, kisha wa juu, na umalizie kwa sikio, ambalo mwalimu wa kwaya analo bora kuliko simu. Ukipiga chombo chini ya paa la bati saa nane mchana, nailoni itabadilika hata kama kila kitu ni kizima, basi ipe dakika chache nje ya mfuko kabla ya kuituni.

Ikitokea kwamba meno ya pegi moja yamelika kweli, usinunue pegi kabla ya kupima. Fungua iliyoharibika, pima kipenyo cha tundu la ubaoni, urefu wa nguzo kutoka ubaoni hadi kwenye tundu la uzi, na umbali kati ya skrubu za kushikilia, kisha uje nayo Arusha au uitume kwa mtu anayekwenda Kariakoo, ukimweleza kama ni ya upande wa kulia au wa kushoto wa kichwa, kwa kuwa pegi za gia zilizo wazi hutengenezwa kwa pande. Pegi ya gitaa la klasiki haitakufaa: nguzo yake ni nene kwa kichwa cha ukulele, na aina nyingi zimeungwa tatu tatu kwenye bamba moja ambalo mashimo yake hayatalingana na yako.